Viatu vya Shanga Walivyomvika Mama

Majivu waliyamwaga kuanzia mlango wa ofisi ya kitongoji mpaka kwenye nguzo ya bendera, hatua kama kumi na tano hivi. Yalikuwa majivu ya mabua ya alizeti, meupe, laini kama unga uliochekechwa. Mama walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamvua kandambili, wakamvika vile viatu vya shanga. Havikumtosha. Kisigino kilibaki nje, mganga akakisukuma ndani kwa dole gumba kama mtu anayeshindilia mtama kwenye gunia. Nikasikia uzi unakatika, shanga tatu nne zikadondoka chini ya kiti.

"Tembea, bibi," mganga akasema. "Kama ni viatu vya kawaida, vitaacha unyayo wa kawaida."

"Magoti yangu, baba," mama akasema. Alimwita baba mtu wa umri wa wajukuu zake. Ndivyo alivyolelewa, na hata siku hiyo hakuacha.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo fisi kavaa viatu, mpigieni vigelegele." Watu wakacheka. Mama akasimama, akashika hewa, akatembea. Hatua ya saba mganga akamwambia inatosha, akainama kwenye majivu na fimbo yake.

"Nionyesheni kisigino. Kiko wapi? Binadamu ana kisigino. Mnyama hana."

Watu wakasogea wakaangalia. Na mimi nikaangalia. Kweli kisigino hakikuwepo, kulikuwa na alama bapa tu, pana mbele, nyembamba nyuma. Viatu vile havikuwekewa kisigino na aliyevishona, ni ngozi ngumu iliyolala chini, basi. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Lakini pale nilisahau. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, Mungu anisamehe, nilimwogopa mama yangu mzazi.

Fimbo ya kwanza sijui ilitoka kwa nani. Zilizofuata nazijua. Nilimlalia mama, wakanivunja mkono wa kushoto mahali pawili, na mpaka leo haunyooki. Mama alifia hospitali siku ya tatu. Mimi nilipona, kama huku ni kupona.

Majina sitaandika. Nitaandika vyeo, na kwetu vinatosha: mwenyekiti ni mmoja, mganga aliyeletwa ni mmoja, wifi yangu ni mmoja, na mwalimu mstaafu ni mmoja. Kila mmoja akisoma hapa atajijua. Na mimi nimo, nitafika kwangu.

Viatu vile vilitoka misheni. Mama alikuwa anapiga pasi huko, pasi ya mkaa, mashuka ya zahanati na magauni ya muuguzi Mzungu, mwanamke wa Marekani. Huyo muuguzi ndiye aliyemzalisha mama nilipozaliwa mimi, baada ya kuhangaika na uchungu siku tatu. Kwa hiyo walikuwa wanazungumza, si kama bosi na mfanyakazi tu.

Siku moja akamkuta mama barazani anatunga shanga. Mama alilifahamu hilo tangu usichana wake, wakati bado wanawake wa kwetu walikuwa wanashonea shanga kwenye ngozi za kuvaa wanawali. Muuguzi akaingia ndani, akatoka na viatu vimefungwa kwenye kitambaa. Vilikuwa vya babu yake. Babu alipewa na mwanamke wa watu wanaoitwa Waarapaho, wenyeji wa nchi ile kabla ya Wazungu. Alipewa kwa sababu gani, muuguzi hakusema, au alisema na mama akasahau. Nimeuliza mara nyingi, sikupata jibu moja.

Mama alivigeuzageuza, akavuta uzi kwa kucha, akasema, "Huu si uzi wa dukani. Ni mshipa wa mnyama."

Muuguzi akashangaa. "Umejuaje?"

"Sisi tulishonea mishipa. Unaukausha, unaupasua, unaulainisha mdomoni. Aliyeshona hivi alitafuna kama mimi."

Muuguzi alipokuwa anarudi kwao kabisa, alimwachia mama vile viatu, na ndani ya kiatu cha kushoto karatasi ya Kiingereza iliyopigwa kwa taipu. Akasema, wewe ndiye umevielewa, kwetu wataviweka kabatini tu. Na mama naye akaviweka kwenye sanduku la bati. Sijui tofauti ni nini.

Nieleze vilivyokuwa, maana wengi mliviona siku ile tu na mlikuwa na fimbo mkononi. Juu kote vilikuwa vyeupe, shanga ndogo kama punje za uwele, zimepangwa mistari mistari kama matuta ya shamba. Juu ya huo weupe kulikuwa na pembetatu za kijani, nne kila kiatu, zimesimama ukingoni. Katikati, kuanzia vidole kupanda mpaka kwenye kifundo, ulipita mstari mwekundu. Pembeni vilikuwepo vimsalaba vidogo vya njano. Na kwenye kiatu cha kulia, kati ya weupe, ulikaa ushanga mmoja wa bluu peke yake, kama mtu aliyekosea mlango.

Nikiwa mtoto nilikuwa namuuliza mama maana yake. Muuguzi alimwambia weupe ni theluji. Mama hakuwahi kuona theluji, kwa hiyo kwangu alisema ni chumvi, ile inayobaki kando ya ziwa maji yakikauka. Mstari mwekundu ni njia, ili anayevaa aende na kurudi salama. Vimsalaba ni nyota ya asubuhi. Siku nyingine ilikuwa msalaba wa Bwana Yesu. Pembetatu ndizo zilizonitesa.

"Hizi ni nini, mama?"

"Milima."

"Juzi ulisema nyumba."

"Juzi nilisema nyumba. Leo nasema milima. Wewe umeshona nini mpaka unibane?"

Nilikasirika. Niliona mama ananidanganya, kwamba kuna jibu moja na ananinyima. Nilikuwa darasa la nne, mwaka wangu wa mwisho shuleni, na shuleni swali lilikuwa na jibu moja ubaoni.

Nilipokuwa mtu mzima, nimeolewa nimerudi nyumbani, tukamwita mwalimu atusomee ile karatasi. Wakati huo hajastaafu bado. Tulimchinjia kuku. Akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo kwanza, halafu akatufasiria. Karatasi ilisema weupe ni theluji, kama muuguzi alivyosema. Mstari ni njia. Pembetatu ni mahema ya ngozi waliyokuwa wanakaa, lakini mshonaji mwingine angesema ni milima, na maana ya kweli anaijua aliyeshona peke yake. Mwishoni ilisema ni viatu vya kumwombea heri msafiri afike.

Mama akanigeukia. "Umesikia? Nyumba na milima."

"Na huu wa bluu?" nikamwuliza mwalimu.

Akaangalia karatasi mbele na nyuma. "Hausemwi. Labda alikosea." Akacheka, akaramba vidole. "Kumbe mama unatunza viatu vya watu wa Marekani ya zamani. Hivi vingekuwa mjini vingewekewa kioo."

Kwa hiyo mwalimu alijua. Nawaomba mlishike hilo. Alisoma kwa macho yake, nyumbani kwetu, na mfupa wa paja mkononi.

Sasa nifike kwa wifi. Ni mke wa mtoto wa baba mkubwa, aliolewa kutoka upande wa Ulemo, na kati yangu na yeye ulikuwepo utani tangu siku ya kwanza, kama ilivyo haki ya mawifi. Aliniita mchawi wa mboga, nilimwita mwizi wa kaka. Tulicheka mpaka mbavu zinauma.

Kila mvua zikiisha mama alinituma nitoe ngozi na nguo za sandukuni nizianike, nondo wasizile. Mwaka ule nilianika viatu juu ya ukuta wa zizi. Wifi akapita na ndoo.

"Wifi, hivi vya nani?"

"Vya mama."

"Anavivaa lini? Sijawahi kumwona navyo."

"Havivaliwi."

"Viatu visivyovaliwa mnavitunza vya nini?"

Nikamjibu kama mtani. "Vinatembea vyenyewe. Ukisikia nyayo nyuma ya nyumba yako usifungue mlango."

Alicheka. Nakumbuka alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye ndoo. Sasa sijui kama nakumbuka sawa. Labda alicheka kidogo tu. Nimeirudia ile sauti kichwani mara nyingi mpaka imechakaa, siwezi tena kujua ilikuwaje.

Mwezi haukupita, wakati wa kuvuna alizeti, fisi akamchukua mtoto wake wa miaka mitano pembeni mwa shamba, mchana, watu wakiwa wanakata vichwa vya alizeti hatua chache tu. Walichopata sitakiandika. Nilimlilia mtoto yule kama wangu. Nilikaa msibani siku zote, nikasonga ugali wa waombolezaji, na wifi alikuwa ananiangalia tu. Nilidhani ni huzuni.

Watu wakaanza kusema fisi wa mchana ana mwenyewe. Mwenyekiti akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi, mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Wanaotaka lambalamba waje kutusafishia kitongoji wanyooshe mikono."

Lambalamba, kwa msiowajua, ni waganga wanaozunguka vijiji wakiitwa, wanaingia nyumba kwa nyumba na kioo na usinga, wanachimbua wanachosema ni uchawi. Mwenyekiti hakusema kitu, aliuliza tu, na daftari lilikuwa limeshafunguliwa. Mikono ikanyooka. Wangu pia. Nilikuwa naamini, sitadanganya. Nilikuwa naogopa fisi kama wengine, na nilitaka mwenye fisi apatikane.

Niliporudi nyumbani mama akaniuliza, "Umenyoosha?"

"Nimenyoosha."

"Vizuri. Asiyenyoosha ndiye watakayeanza naye."

Sijui alisema vile kwa kunifariji au kwa kunihukumu. Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua uso.

Mganga alikuja na vijana wake wawili. Nyumba ya kwanza wakatoa pembe, ya pili chungu. Walipofika kwetu wifi alikuwa ameshasimama mlangoni, ameshika kiuno. Hawakutumia kioo. Wakaenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati.

Ofisini, mbele ya watu wote, wifi alisema maneno yangu. Alisema, "Alinitamkia kwa mdomo wake kwamba vinatembea vyenyewe, nikisikia nyayo nisifungue mlango." Nikasema ule ulikuwa utani, wifi, tulikuwa tunataniana. Watu wazima waliokaa pale wanaijua sheria: neno la utani halipelekwi mkutanoni. Mtu anaweza kukuita maiti, ukafa kesho, na mtani hashtakiwi. Tangu lini utani ukawa ushahidi? Lakini hakuna aliyesema. Mwenyekiti aliandika.

Mganga akaviinua viatu, akaanza kuvisoma. Alisoma kwa ufasaha kuliko mwalimu.

"Weupe huu ni sanda. Pembetatu hizi mnaziona? Makaburi. Hesabuni. Nne huku, nne huku. Watoto wangapi mmezika tangu kipupwe cha mwaka jana?" Watu wakaanza kuhesabu vidole, na ukihesabu kwa kuogopa, nane hawakosekani. "Mstari mwekundu ni njia ya damu, unatoka kaburini unapanda mguuni kwake. Na huyu," akaweka ukucha kwenye ule ushanga wa bluu, "huyu ni yule wa juzi. Bado hajapangwa na wenzake."

Wifi akaanguka chini. Hapo nilijua tumekwisha.

Nikapiga kelele kwamba karatasi ipo, imo ndani ya kiatu cha kushoto, na mwalimu aliisoma. Mwalimu alikuwa amekaa benchi la mbele pamoja na wazee. Mganga mwenyewe akaitoa karatasi, akampelekea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu. Tusomee."

"Marahaba." Akaikunjua. Akaiangalia kwa muda. Akaikunja kama ilivyokuwa, akairudisha.

"Sina miwani," akasema.

Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Niliona fremu, ile nyeusi iliyofungwa waya kwenye bawaba. Na hata bila miwani alikuwa hahitaji kusoma. Angesema tu, nilishaisoma, ni viatu vya kumwombea msafiri. Maneno machache tu.

Mwenyekiti akasema, "Basi tutapima kwa majivu, ili tusimwonee mtu."

Yaliyofuata nimeyaandika mwanzo.

Mganga alitoweka jioni ile ile. Vijana wake wawili walikamatwa, wakakaa ndani, wakatoka. Wifi na mumewe walihama. Kiatu cha kulia kilichanika pale pale, na nilipotoka hospitali na mkono kwenye plasta, nikapita ofisini, nikakuta kuku wanadonoa shanga kwenye majivu. Cha kushoto alikiokota mama mmoja wa kwaya, akaniletea chini ya khanga. Karatasi nayo aliiokota, ninayo.

Kuna aliyerekodi kwa simu. Video ilizunguka, ikafika mpaka kwa watu nisiowajua. Nilionyeshwa mara moja. Miguu ya mama tu, haina uso, inatembea kwenye majivu. Wengi chini yake waliandika vicheko. Mmoja aliandika kwamba hivyo ni viatu vya wenyeji wa Marekani na ni vya zamani sana. Wakamwuliza, wewe umejuaje, na wewe ni mwenzao?

Kinachonichanganya ni hiki. Nikikitoa kile kiatu kilichobaki, nataka nione milima. Nataka nione nyumba. Ninakaa nacho mlangoni, namkumbuka mama na ukali wake, na zile pembetatu nne zinasimama pale kijani, na ninachoona ni makaburi. Mganga aliyasema mara moja tu na hayafutiki. Mama alisema miaka arobaini, mwalimu alisoma, karatasi imeandikwa, na macho yangu yamemfuata mganga. Kuna siku najiuliza kama mama alikuwa anabadilisha majibu kwa sababu kuna jambo hakutaka nilijue. Halafu naona aibu, naenda kuchota maji. Halafu swali linarudi. Karatasi inasema maana anaijua aliyeshona, na aliyeshona amekufa nchi ya mbali kabla hata babu yangu hajazaliwa. Nimwulize nani?

Kwenye ukoo walikataa mama azikwe na wenzake. Yuko mwisho wa shamba, kwenye mpaka, kama mgeni. Nilienda kwa mwenyekiti kuomba aniruhusu nimhamishie karibu na baba. Akafungua lile daftari, akanisomea kwa kidole: *alikutwa na vifaa vya uchawi*. Akasema hana ugomvi na mimi, lakini ukoo unashikilia mstari ule, na mstari ulioandikwa na mkutano hufutwa na mkutano.

"Lete shahidi anayevijua vile viatu," akasema. "Mtu wa kuaminika."

Mwenyekiti, mtu huyo unamjua, alikuwa amekaa futi tatu kutoka kwako. Na wewe ndiye uliyeita mkutano, wewe ndiye uliyeagiza majivu. Utakuja kujibu hilo.

Lakini kwanza nataka jibu la mwalimu. Nimekwenda kwake mara nne. Mara ya kwanza mkewe alisema amelala. Mara ya pili amekwenda Nduguti. Mara ya tatu nilimkuta uani anamenya karanga, nikampa shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kiti. Nikamwambia, mwalimu, njoo mkutanoni useme ulichosoma nyumbani kwetu, mama ahamishwe. Akasema, "Mwanangu, mambo yale yamepita, tusiyachokoe." Nikamwambia kwangu hayajapita, mkono wangu huu hapa. Akaendelea kumenya. Mara ya nne aliniona kwa mbali, akaingia ndani, nikasikia komeo.

Sasa naandika, kwa sababu maandishi huwezi kuyafungia komeo. Mwalimu, uliogopa wangekugeukia wewe? Sema hivyo, nitaelewa, na mimi nilinyoosha mkono. Au ulimwamini mganga kuliko karatasi uliyoisoma mwenyewe? Sema hivyo pia. Au hukuona kama bibi mmoja anastahili usumbufu wa kuvaa miwani? Mkutano ujao wa kitongoji ni baada ya mavuno. Nitakuja na karatasi, nitakuwekea mkononi mbele ya watu wale wale. Uisome kwa sauti, neno kwa neno. Na ukimaliza, uwaambie kwa nini siku ile hukuisoma.